Maski moja haiwatoshi wote: majibu ya maswali yenu kuhusu VLSM

Barua za safari hii zimejaa maski za sabneti, yaani namba zinazoonyesha kila kipande cha mtandao kinaishia wapi, na VLSM, yaani kugawa mtandao mmoja kwa maski za urefu tofauti. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika ametuma na hesabu zake zote, na kosa lake ndilo lililomo kwenye nusu ya barua zilizobaki. Chukueni karatasi na kalamu. Vikokotoo vya sabneti viko tele mtandaoni na hata mimi navitumia, lakini kikokotoo hujibu ulichokiuliza tu. Ukikiuliza vibaya, kitakujibu vilevile, tena kwa haraka.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mitandao ya kompyuta. Tumepewa 192.168.40.0/24 tuigawe kwa VLSM. Idara moja ina kompyuta 100, ya pili 50, ya tatu 25, ya nne 10, halafu kuna viungo vitatu vya ruta kwa ruta. Nilianza na ndogo ili nisipoteze nafasi. Idara ya 10 nikaipa 192.168.40.0/28, ya 25 nikaipa 192.168.40.16/27, ya 50 nikaipa 192.168.40.48/26, na ya 100 nikaipa 192.168.40.112/25. Viungo nimeviweka kuanzia 240. Jumla haizidi 256, lakini mwalimu wetu amekata idara tatu, ameacha ile ya kwanza tu, na ruta ya mazoezi nayo inakataa. Kosa liko wapi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Ukubwa wa mafungu umeupata wote. Vifaa 10 vinatoshea kwenye /28 yenye nafasi 14, vifaa 25 kwenye /27 yenye nafasi 30, vifaa 50 kwenye /26 yenye 62, na vifaa 100 kwenye /25 yenye 126. Kosa ni namba ulizoanzia. Wewe umepanga mafungu kwa kufuatana tu, moja likiisha jingine linaanza hapohapo, ilhali fungu la sabneti halianzi popote tunapopenda.

Tuitazame idara ya 25. Anwani ya IP ya toleo la nne ina biti 32. Ukiandika /27 umesema biti 27 za mwanzo ni za mtandao na 5 za mwisho ni za vifaa. Okteti, yaani zile namba nne zinazotengwa na nukta, tatu za kwanza hazitusumbui, kwa hiyo tubaki na ya mwisho, ambayo maski yake ni 224. Kifaa kikitaka kujua kimo kwenye mtandao gani, hakijui wala hakijali wewe ulikusudia nini. Kinachukua anwani, kinailinganisha na maski biti kwa biti. Penye 1 juu na 1 chini kinaandika 1, kwingine kote kinaandika 0:

16 = 00010000
224 = 11100000
jibu = 00000000

Umeona? 192.168.40.16 yenye maski ya /27 imo kwenye mtandao wa 192.168.40.0, kulekule ulikoiweka idara ya 10. Ile 1 ya kumi na sita imeangukia upande wa vifaa, na upande huo maski inaufuta.

Sasa fanya hivyohivyo kwa 48 na maski 192, kisha 112 na maski 128. Andika kwanza ndipo usome mbele. Zote mbili zinatoa sifuri. Kwa hiyo idara zako zote nne zina anwani moja ya mtandao, 192.168.40.0, zimetofautiana urefu wa maski tu. Ile /25 imeimeza /26, /26 imeimeza /27, na /27 imeimeza /28. Ruta ilipokataa ilikuwa inakuokoa.

Na kama ingekubali? Kompyuta za idara ya 25 ungezipa anwani kuanzia 17 hadi 41 hivi. Yenye 30 ingejiona iko kwenye mtandao wa 0, yenye 33 ingejiona iko kwenye mtandao wa 32. Wamekaa meza moja, wamechomekwa kwenye swichi moja, na hawaonani bila kupitia ruta. Aliyepewa 31 angekuwa ameshika anwani ya matangazo (ile ya kuwafikia wote kwa mpigo) ya mtandao wa kwanza, na aliyepewa 32 angekuwa ameshika anwani ya mtandao wa pili wenyewe. Anayeitwa kutafuta hitilafu ya namna hiyo atalala ofisini.

Kanuni ni hii, na ukiishika utakuwa umemaliza zaidi ya nusu ya VLSM: fungu huanzia kwenye namba inayogawanyika kwa ukubwa wa fungu hilo bila kubakiza kitu. Ukubwa unaupata kwa kutoa okteti ya maski kutoka 256. Maski ikiwa 224, 256 kutoa 224 ni 32, kwa hiyo /27 huanzia 0, 32, 64, 96 na kuendelea. 16 haimo. Maski ikiwa 192, fungu ni 64, na vianzio ni 0, 64, 128 na 192 tu. 48 haimo. Maski ikiwa 128, kuna vianzio viwili duniani, 0 na 128, na 112 si mmojawapo. Viungo vyako vya 240, 244 na 248 viko sawa kwa bahati tu: fungu la /30 lina anwani 4, na namba zote tatu zinagawanyika kwa 4.

Tukipanga upya kwa kuanza na kubwa tunapata hivi:

Idara ya 100: 192.168.40.0/25, vifaa kuanzia 1 hadi 126, matangazo 127
Idara ya 50: 192.168.40.128/26, vifaa 129 hadi 190, matangazo 191
Idara ya 25: 192.168.40.192/27, vifaa 193 hadi 222, matangazo 223
Idara ya 10: 192.168.40.224/28, vifaa 225 hadi 238, matangazo 239
Viungo: 192.168.40.240/30, 244/30 na 248/30
Kilichobaki: 252 hadi 255

Vitabu vingi vinasema "anza na kubwa" kama amri, basi. Mimi naona ni vizuri ujue kwa nini, maana kuna siku utarithi mpango wa mtu mwingine na kubwa itakuja ya mwisho. Mafungu yote ni ya 2, 4, 8, 16, 32, 64, 128. Kubwa lolote linagawanyika kwa dogo lolote. Ukianza na kubwa, popote linapoishia ni mahali halali pa kuanzia dogo, hivyo huhitaji kufikiri. Ukianza na dogo lazima ufikiri. Hata hivyo inawezekana kabisa: ungeweka /28 kwenye 0, /27 kwenye 32, /26 kwenye 64 na /25 kwenye 128, na viungo vyote ukavipenyeza kwenye pengo la 16 hadi 31. Mpango huo ni halali kabisa, na mwalimu wako akiukata mwambie aniandikie.

Hatari ya kweli ya kuanza na dogo ni hii. Chukua /24 nyingine tupu. Weka /26 moja kwenye 0 na nyingine kwenye 128. Bado una anwani 128 ambazo hazijaguswa. Sasa idara inakuja kuomba /25, yaani anwani 128 hizohizo. Huna pa kuiweka. Nafasi zako ni 64 hadi 127 na 192 hadi 255, vipande viwili visivyogusana, na hakuna maski inayoweza kuviunganisha. Hapo dawa ni moja tu, kuhamisha idara nzima yenye watu kazini, printa zenye anwani za kudumu na ile seva ambayo kila mtu anaogopa kuigusa.

La mwisho kwako. Kwa mtihani mpango huu ni mzuri, umebakiza anwani 4. Kazini ningeukataa. Idara ya 25 ina nafasi 30, lango, yaani ruta ya kutokea nje, linachukua moja, printa mbili zinaingia, umebaki na mbili. Kabla ya kugawa chochote uliza idara itakuwa na vifaa vingapi baadaye, kisha hesabu na simu zao, maana zikiingia kwenye Wi-Fi hiyohiyo nazo zinaomba anwani. Halafu omba /24 ya pili.

SWALI: Kaka, mimi ndiye ninayeangalia mtandao wa ofisi yetu. Tumegawa 192.168.40.0/24: printa na seva ziko kwenye 192.168.40.0/25, chumba cha uhasibu kiko kwenye 192.168.40.128/26. Kompyuta moja ya uhasibu ina intaneti vizuri na inaonana na wenzake wa chumbani, lakini haiipati printa iliyoko 192.168.40.20. Nyingine zote za chumba hicho zinachapisha. Anwani yake ni 192.168.40.130 na lango ni 192.168.40.129. Nimebadilisha waya, nimebadilisha poti ya swichi, nimeweka upya programu ya printa. Nimechoka.

JIBU: Dada, waya hauna kosa. Fungua mipangilio ya kadi ya mtandao ya hiyo kompyuta usome mstari wa maski. Nina hakika karibu ya kiapo kwamba utakuta 255.255.255.0 badala ya 255.255.255.192. Kuna mtu aliiandika kwa mkono, na mkono umezoea 255.255.255.0.

Tufuate pakiti. Kompyuta inataka kupeleka kazi kwa 192.168.40.20. Kabla ya kutuma lazima iamue jambo moja: huyu ni jirani yangu au yuko nje? Inaweka maski yake juu ya anwani yake, inapata 192.168.40.0. Inaweka maski ileile juu ya anwani ya printa, inapata 192.168.40.0. Zinafanana, kwa hiyo inaamini printa iko chumbani humohumo na hailipi lango habari yoyote. Inapaza sauti kwa ARP: nani mwenye 192.168.40.20, anipe anwani yake ya MAC, ile ya kadi yenyewe ya mtandao? Sauti hiyo inawafikia wa chumba cha uhasibu tu, kwa sababu ruta haivushi matangazo. Hakuna anayejibu. Inauliza tena, kimya, kisha inakuandikia kwamba kifaa hakifikiki.

Intaneti inafanya kazi kwa sababu anwani za nje hazianzi na 192.168.40, hivyo hata kwa maski mbovu zinaonekana ziko nje na pakiti zinapitia kwenye lango kama kawaida. Wenzake wa chumbani inawapata kwa sababu wako jirani kweli. Kosa linaonekana upande mmoja tu, kwa zile anwani ambazo ni za nje lakini maski inasema ni za ndani. Ukikuta kompyuta yenye dalili hiyo, ya kupata mbali na kukosa karibu, anza na maski.

Watu wengi husahau kwamba maski haisafiri. Ndani ya pakiti ya IP kuna anwani ya mtumaji na ya mpokeaji, maski hakuna. Kila kifaa kina maski yake kichwani na kinaamua peke yake. Ndiyo maana mtandao mzima unaweza kuwa sawa na kifaa kimoja kikapotea.

Kuna mambo mawili ya kuangalia ukiwa hapo. Baadhi ya ruta huwa na ARP ya uwakala imewashwa: ruta inasikia swali la 192.168.40.20, inajua njia ya kufika huko, inajibu kwa niaba ya printa na kutoa anwani yake yenyewe ya MAC. Kosa linafichika miaka. Siku mtu akibadilisha ruta, kompyuta kadhaa zinakatika pamoja na lawama zinaiangukia ruta mpya. Pili, kosa la upande wa pili, yaani maski nyembamba kuliko inavyotakiwa. Kompyuta hiyo ikipewa 255.255.255.224, itajua majirani wa 129 hadi 158 tu. Ikimtaka mwenzake wa 170 itapeleka pakiti kwenye lango, na lango litairudisha kwenye chumba kilekile ilikotoka. Kazi inakwenda, hivyo hakuna atakayelalamika, ila ruta inabebeshwa mzigo usio wake.

Kwa chumba kama hicho, acha DHCP, huduma inayovipa vifaa mipangilio yenyewe, igawe anwani na maski. Seva na printa zibaki na anwani za kudumu, na orodha yake iwe imeandikwa mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuiona ukiwa likizo.

SWALI: Mzee, kitabu changu cha zamani kinasema sabneti zote za mtandao mmoja lazima ziwe na maski moja. VLSM imevunja sheria hiyo au kitabu kimekosea?

JIBU: Kitabu kilikuwa sahihi kwa wakati wake. Mwanzoni, kwa utaratibu wa mwaka 1981, anwani zilikuwa na madaraja. Daraja A lilikuwa na nafasi 16,777,214 za vifaa, B 65,534, na C 254. Ukiwa na vifaa 300, C haikutoshi na B inakuachia nafasi zaidi ya 65,000 zikikaa bure. Mwaka 1985 hati ya RFC 950 ikaweka utaratibu wa sabneti, ili mwenye B aigawe ndani kwake. Lakini mgawo ulikuwa wa vipande vilivyolingana, na sababu haikuwa ya hesabu. Ilikuwa ya ruta.

RIP ya kwanza, itifaki ya ruta kuambizana njia iliyoandikwa rasmi mwaka 1988, ilikuwa inamtangazia jirani anwani ya mtandao na idadi ya ruka (ruta za kupitia) za kufika huko, bila maski. Ruta iliyopokea ilibidi ikisie. Kama nayo ilikuwa na mguu kwenye mtandao huohuo mkubwa, ilichukua maski ya poti yake na kudhani ndiyo maski ya wote. Kama haikuwa nao, ilirudi kwenye maski ya daraja. Sasa weka /26 upande mmoja na /28 upande mwingine uone kisio hicho kitakupeleka wapi. Kulazimisha maski moja kila mahali ndiyo ilikuwa njia pekee ya kufanya kisio kiwe kweli.

Itifaki zilizofuata zikaanza kubeba maski pamoja na anwani. OSPF, ambayo maelezo yake ya kwanza yalitoka mwaka 1989, inabeba. IS-IS inabeba. RIP ya pili, ya mwaka 1993, inabeba. Mwaka huohuo wa 1993 intaneti nzima ikaanza kuyaacha madaraja kwa mpango wa CIDR. Huo nao haukuokoa milele: hazina kuu ya anwani za IPv4 iligawa mafungu yake matano ya mwisho ya /8 tarehe 3 Februari 2011.

Tahadhari moja kwa wanaotumia ruta za Cisco: RIP ya pili inabeba maski, lakini kwa kawaida yake hufupisha njia hadi mpaka wa daraja inapovuka kutoka mtandao mkubwa mmoja kwenda mwingine. Andika `no auto-summary` kabla hujaanza kuilaumu.

SWALI: Tunatumia 10.0.0.0/8 ndani ya kampuni. Bosi mpya anataka kila sabneti ikatwe kwa VLSM kulingana na idadi ya watu, ili "tusipoteze anwani". Ninaona ni kazi bure. Nani yuko sahihi?

JIBU: Wewe, kwa sehemu kubwa. Kwenye 10.0.0.0/8 mna anwani 16,777,216, yaani sabneti 65,536 za ukubwa wa /24. Kuipa idara ya watu 9 sabneti ya /28 ili kuokoa anwani ambazo hakuna anayezitaka ni kujitafutia shida. Watu watakuwa 15, utaanza kuhamisha. Ipe kila idara /24, okteti ya pili ifuate tawi na ya tatu ghorofa, na yeyote akiona 10.3.12.77 ajue kwa macho ni tawi la 3, ghorofa ya 12. Urahisi huo una thamani kuliko anwani.

Bosi ana haki kwenye mambo machache. Viungo vya ruta kwa ruta visipewe /24, si kwa ajili ya uhaba, bali kwa sababu kwenye kiungo cha vifaa viwili hakuna sababu ya kuacha anwani 252 wazi ambazo mtu anaweza kujichomeka. Anwani za umma ni habari nyingine kabisa, huko kila moja ina wenyewe: mtoa huduma akikupa /29 una anwani 8, mbili zinakwenda kwa mtandao na matangazo, moja kwa ruta yake, unabaki na 5. Na wingu lina masharti yake. AWS na Azure huchukua anwani 5 kwenye kila sabneti, siyo 2. /28 uliyoihesabia nafasi 14 inakuwa na 11, na wanaopanga kwa mazoea ya ofisini hushangaa mashine ya kumi na mbili inapokataa kuwaka.

Mwambie bosi pia kwamba mkiungana na kampuni nyingine iliyotumia 10.0.0.0/8 yote ovyo kama nyinyi, mtajuta. Chukueni kipande kinachowatosha, mkiandike, kingine mkiache.

SWALI: Ruta yangu ina njia mbili: 192.168.40.0/24 kupitia ruta A na 192.168.40.128/26 kupitia ruta B. Njia ya A ina gharama ndogo. Pakiti ya 192.168.40.150 itapita wapi?

JIBU: Kwa B. Gharama haiulizwi hapo. Ruta hutazama kwanza ni njia ipi inalingana na anwani kwa biti nyingi zaidi, na /26 inaishinda /24. Gharama hushindanishwa kwa njia za mtandao uleule wenye maski ileile. Bila tabia hiyo VLSM isingefanya kazi, kwa sababu inaruhusu njia pana ya jumla na njia nyembamba ya pekee kukaa pamoja bila kugombana.

Angalia siku B ikizimika. /26 inatoka kwenye jedwali, na pakiti ya 150 inaangukia kwenye /24, inakwenda A. Kama A nayo haijui 128/26 na njia yake ya mwisho inarudi kwako, pakiti itapigwa danadana kati yenu hadi TTL, hesabu ya ruta inazoruhusiwa kupita, iishe. Anayetangaza njia ya jumla aweke kwake njia ya kutupia ya /24 hiyohiyo, ili asichokijua akitupe badala ya kukirudisha.

SWALI: Kwenye kiungo cha vifaa viwili, /30 inapoteza anwani 2 kati ya 4. Hakuna namna? Na je, anwani inayoishia 255 inaweza kupewa kompyuta?

JIBU: Namna ipo tangu mwaka 2000, inaitwa /31. RFC 3021 iliruhusu kiungo cha pande mbili kitumie anwani zote mbili bila anwani ya mtandao wala ya matangazo, maana mwenzako ni mmoja tu, utamtangazia nani zaidi? Viungo vitatu vya mwanafunzi wetu vingekula anwani 6 badala ya 12. Hakikisha vifaa vya pande zote mbili vinaikubali kwanza.

Na ndiyo, 255 inaweza. 10.0.0.0/23 inaanza 10.0.0.0 na kuishia 10.0.1.255, hivyo 10.0.0.255 iko katikati na ni anwani halali, sawa na 10.0.1.0. Mimi huziacha bila kuzitoa, kwa sababu mafundi wakiziona hudhani kuna kosa na kuanza kurekebisha.

SWALI: Kwenye OSPF wanaandika 0.0.0.63 badala ya 255.255.255.192. Hii ni maski gani tena?

JIBU: Ni maski iliyogeuzwa: 0 maana yake "biti hii lazima ilingane", 1 maana yake "usiijali". Kwa kuitafuta, toa kila okteti ya maski kutoka 255. 255 kutoa 192 ni 63. Kwa /27 ni 31, kwa /30 ni 3.

Utaikuta pia kwenye orodha za kuruhusu na kuzuia, na huko ina uhuru ambao maski ya sabneti haina. Maski ya sabneti lazima 1 zake zote zifuatane kutoka kushoto bila kukatika. Iliyogeuzwa inaweza kurukaruka: 192.168.40.0 ikiandikwa na 0.0.0.254 inakamata anwani zote za mtandao huo zinazoishia na namba shufwa, na kuziacha za witiri.